Bunia: taa ya jua inaweza kutoka pubeli, lakini bateri ndiyo inaamua

Hapa Bunia jua linazama karibu saa kumi na mbili ya jioni, mwaka muzima, sababu tuko karibu na ikweta. Katika Kongo nzima, karibu mutu mumoja tu kati ya watano ndiye ana kuran, na vijijini ni wachache zaidi. Mwaka 2023 kampuni Nuru, yenye kutoa kuran ya jua Goma, ilitangaza kupata zaidi ya dola milioni 40 za kujenga mitambo Goma, Kindu na Bunia. Ni habari nzuri. Lakini mutoto mwenye kusoma leo usiku hawezi kungoja mutambo.

Katika kambi za wahami kama Kigonze, swali la taa ni swali la usalama. Nyumba za bashe zimebanana. Kibatari kimoja kikianguka, moto unaruka haraka kwa jirani. Na mwanamuke mwenye kutoka inje usiku bila mwangaza haone nani amesimama njiani.

Je, tunaweza kujitengenezea taa? Ndiyo, na wengine walishafanya. Kule Kenya, Evans Wadongo alisomea kwenye taa ya petroli akiwa mutoto, na moshi ukamuharibu macho. Mwaka 2004, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alianza kutengeneza taa aliyoita MwangaBora: mabati na vyuma vya kuokota, pano ndogo ya jua, na vile viampuli vidogo vya LED. Vikundi vya wamama vilivyopata taa hizo viliacha kununua petroli, na feza ile ikaanzisha biashara ndogo.

Vitu vya kazi hiyo viko Bunia pia. Fungua torshi ya kuchaji iliyokufa. Mara nyingi ampuli zake ni nzima, bateri ndiyo imekufa. Fungua bateri ya kompyuta ya mukono iliyotupwa: ndani utakuta, mara nyingi, mawe sita. Moja ao mbili yameharibika, lakini mengine yanaweza kuwa bado na nguvu. Mwaka 2014 watafiti wa IBM kule India walipima bateri za namna hiyo, wakaona kama karibu asilimia 70 zingeweza kuwasha ampuli ya LED zaidi ya saa ine kwa siku, kwa mwaka muzima. Kopo ya maziwa inakuwa mwili wa taa, chupa ya plastiki inakuwa kioo.

Tupige hesabu kidogo. Ampuli ya wati 1 ikiwaka saa tano, inakula wati-saa 5. Pano ya wati 2 ikipata saa ine za jua kali inaleta 8, na zingine zinapotea njiani. Jiwe moja la zamani la kompyuta linaweka karibu 5. Kwa hiyo jiwe moja litatosha kwa shida. Mawili yenye nguvu sawa, yakifungwa pamoja, yatakaa murefu zaidi.

Sasa, shida iko wapi? Iko kwenye bateri. Jiwe la lithiumu halipashwe kupita volti 4.2. Ukilifunga moja kwa moja kwa pano bila ile kadi ndogo ya kuchajia, linaweza kuvimba na kuwaka. Yaani tunakimbia moto wa kibatari, tunaingiza moto mwingine ndani ya nyumba ileile ya bashe. Jiwe lililovimba, lililotoboka ao lenye kupata moto mukononi, usilitumie hata kama bado linawasha. Na bateri ya risasi ya torshi za bei ya chini, watoto wasiivunje: risasi ni sumu inayoharibu akili ya mutoto.

Ndiyo sababu hatukubali kwamba kutengeneza taa ni muchezo wa siku moja ya mafunzo na picha. Mashirika mengi yanapenda kugawa taa. Taa inagawiwa, miezi inapita, bateri inakufa, na familia inarudi kwa kibatari. Hakuna mutu aliyebaki na akili ya kuifungua. Bunia haikose vitu vya zamani, wala haikose vijana wenye kujua telefone na redio. Kinachokosa ni kuwapa mutungo mumoja: chombo cha kupima volti, kadi za kuchajia, mahali pa kukusanya bateri zilizokufa, na mwezi wa mazoezi badala ya siku moja.

Basi wasimamizi wa mitaa na mashirika yenye kuleta taa, swali letu ni jepesi: kwa kila taa mia moja mnazogawa, mumefundisha mafundi wangapi? Na wewe musomaji, kabla ya kununua taa kwa fundi wa mutaa, muombe akuonyeshe bateri na kadi yake. Fundi wa kweli hatakasirika. Atafungua mwenyewe.