Benchi Yangu ya Mia Haikuwa Mia

Leo hakuna muziki nyuma na sijavaa ile vesti. Nataka tuongee kuhusu video yangu ya Aprili, ile nimelala kwa benchi, jamaa yangu anapiga kelele "mia! mia!", halafu naamka nikijipiga kifua kama nimekomboa nchi. Mliipenda sana. Kuna wenye waliniuliza ninakula nini. Kuna msichana wa Nkubu aliandika kwamba hivyo ndivyo wanaume wa Meru wanafaa kuwa, na nisikudanganye, hiyo komenti nililala nayo wiki mzima.

Sasa, ile haikuwa mia. Ilikuwa 83. Na hata hiyo 83 sikuinua peke yangu.

Nieleze vile nilijua. Agosti, shule zikiwa zimefungwa, binamu yangu wa miaka 17 alitoka kwao saa kumi na mbili asubuhi akaenda jimu ya mtaani tunayotumia huku chini ya Kinoru. Alikuwa ameona video yangu mara ngapi sijui. Hakuna mtu alikuwa amefika. Akapakia chuma, akalala, akakitoa kwa vishikizo. Kikashuka vizuri. Kupanda kikakataa.

Jimu yetu haina klipu za kushikilia uzito kwa chuma. Tunafunga na waya ili mikebe isiteleze. Kwa hivyo hangeweza hata kuinamisha upande mmoja uzito umwagike. Alibaki hapo, chuma kimemkalia kifua, akipiga bati la ukuta na kiatu. Jamaa wa kuosha magari hapo nje ndiye alisikia. Alidhani ni mbuzi.

Picha ya hospitali haikuonyesha mfupa uliovunjika. Alama ilikaa kifuani zaidi ya wiki mbili, na kucheka kulimuuma. Anti yangu alinipigia simu jioni. Hakunifokea. Alisema tu, "Anasema alikuwa anafanya kama wewe." Kisha akakata. Maze, afadhali angenifokea.

Kesho yake nilienda jimu na kalamu. Nilitaka kujua binamu aliangukiwa na kilo ngapi hasa. Si unajua vyuma vya mtaa? Ni mabomba ya maji, shafti za gari, gia kuukuu za lori, na mikebe ya rangi na ya mafuta ya kupikia iliyojazwa zege. Mtu alichora "20" na rangi nyeupe miaka hiyo, na sisi wote tukaamini. Hakuna mtu aliwahi kupima. Zege nzuri ni kama kilo 2.4 kwa kila lita, kwa hivyo hata mkebe wa rangi wa lita 4 ukijaa vizuri unafika kilo 9 na nusu hivi. Lakini fundi akipunguza kokoto, au asipojaza hadi juu, hiyo hesabu imeenda.

Tulibeba mikebe minne mikubwa na mkokoteni hadi kwa mzee mmoja wa nafaka kule Gakoromone, tukamwomba mizani ya magunia. Alicheka sana lakini alikubali. Zile "20" nne zilitoka 19, 18 na nusu, 17 na nusu, na 16. Chuma chenyewe, ambacho tulikuwa tunasema ni 20 kwa sababu vyuma vya mashindano vya wanaume ni kilo 20, kilikuwa 12. Jumlisha. 83.

Mbaya zaidi, kwa ile video mikebe miwili mizito ilikuwa upande mmoja. Kulia nilikuwa na kilo 37 na nusu, kushoto 33 na nusu. Tofauti ya kilo nne! Na mimi miezi hiyo yote nikishangaa mbona bega la kulia linalia nikilala.

Halafu rudi uitazame video polepole. Chuma kinashuka kwa kasi, kinagonga kifua, kinaruka. Yaani mbavu zangu ndizo zilifanya nusu ya kazi kama springi. Kutoka hapo tazama mikono ya jamaa anayepiga kelele. Vidole viko chini ya chuma kutoka mwanzo hadi mwisho. Anasema "ni wewe, ni wewe." Haikuwa mimi. Huyo jamaa alijenga mgongo mzuri siku hiyo.

Ndiyo maana maoni yangu ni haya, na najua wengine mtanitusi: kilo ambayo haikusimama kifuani isihesabiwe. Sijali uliiinua mara ngapi.

Hii sheria sijaitunga mimi. Kuna mchezo mzima duniani ambao kazi yake ni benchi tu, na wengi wetu tunaojiita watu wa jimu hatuufuatilii. Ni unyanyuaji uzito wa Paralimpiki. Mwanamichezo analala kwa benchi ndefu, miguu imenyooka juu ya benchi, kwa hivyo hakuna kusukuma sakafu na nyayo kama sisi. Anapokea chuma mikono ikiwa imenyooka, anangoja amri. Anakishusha hadi kifuani, kinasimama kabisa, ndipo anakisukuma juu, mikono yote miwili ikipanda sawasawa. Waamuzi ni watatu. Wawili wakikataa, umekosa, hata kama chuma kilifika juu. Unapewa nafasi tatu tu.

Mkenya anayeufanya huu mchezo ni Hellen Wawira Kariuki. Alileta shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham mwaka 2022, uzani mwepesi wa wanawake. Wawira, bana! Jina ambalo ukiliita kwa stendi ya Embu akina dada watatu wanageuka, na ndani yake kuna neno la kazi. Sasa niambie, kwa jimu yako kuna picha yake ukutani? Kwetu kuna ya mzungu mmoja amejipaka mafuta, hatujui hata anaitwa nani.

Na kama unadhani kusimamisha chuma kifuani ni mambo ya uzito mdogo, tafuta Siamand Rahman wa Iran. Kule Rio 2016 aliinua kilo 310 kwa sheria hizo hizo. Mia tatu na kumi, bila kurusha, bila vidole vya rafiki. Alifariki mwaka 2020, lakini video bado ziko.

Nilipoanza kufuata hiyo sheria Septemba, aibu ilinishika. 83 haikutoka. 75 haikutoka. Nilifika 65 ndipo nikaweza kusimamisha kwa sekunde moja na kupandisha bila kupinda. Kutoka mia hadi 65 ndani ya mwezi mmoja! Hiyo ndiyo sababu watu hawataki kusimamisha. Haihusiani na mabega wala mbavu. Ni nambari inaumwa.

Sasa wale mnaouliza ninafanyaje siku hizi, nitasema yaliyonisaidia mimi. Kabla sijatoa chuma navuta mabega nyuma na chini, kama nataka kuyaweka kwa mifuko ya nyuma ya suruali, na yanabaki hapo hadi mwisho. Kidole gumba lazima kizunguke chuma. Kuna wasee wanapenda kukiweka upande mmoja na vidole vingine eti kifundo hakiumi. Chuma kikiteleza hapo kinaangukia shingo au uso, na hakuna cha kukizuia. Kinashuka hadi sehemu ya chini ya kifua, si karibu na koo, viwiko vikiwa vimesogea kiasi kuelekea mbavu badala ya kutanuka kama mabawa ya kuku. Hewa navuta juu, naishikilia nikishuka, naiachilia nikishapita pale pagumu.

Na mtu wa kukushikia akae kichwani akiwa macho, simu mfukoni. Mnakubaliana kabla: haguzi mpaka chuma kisimame au kianze kurudi. Akigusa, hiyo haikuhesabika. Kama hauna mtu, usifanye uzito wa kukushinda, na usifunge waya. Nimerudia hiyo ya waya kwa kila mtu jimu hadi wananiita Waya. Ukiwa peke yako acha ncha wazi. Ikikataa unainamisha upande mmoja, mikebe inaanguka, kelele inatokea, unaaibika, unaenda nyumbani ukipumua. Ikiwa kuna dambeli, tumia dambeli. Zinaangushwa kando.

Kuongeza uzito ni polepole kuliko unavyotaka. Mimi nafanya benchi mara mbili kwa wiki, seti nne hivi za mara tano hadi nane, na naacha nikiwa bado naweza moja au mbili. Kati ya seti napumzika dakika mbili au tatu, na najua hiyo ni ngumu kwa jimu yenye benchi moja na watu tisa, lakini ndio maana tunapiga stori. Nikimaliza seti zote safi, naongeza kilo mbili na nusu. Sina pleti ndogo, kwa hivyo mzee wa nafaka alinisaidia kupima chupa za mchanga. Chupa mbili, kila upande moja. Zinachekesha, lakini zinafanya kazi.

Kitu kingine, kila siku ya kusukuma nalipa deni la kuvuta. Navuta chuma kuelekea tumbo nikiwa nimeinama, au naning'inia kwa goli la uwanja wa shule na kujivuta. Kifua pekee kinakuvuta mabega mbele unatembea kama umebeba gunia. Na miguu, jameni. Pale Kinoru kuna mlima wa kutosha kukimbia, uwanja uko hapo. Walituambia tujiandae kwa CHAN ya 2018, ikaenda Moroko. Mashindano yalipokuja Kenya 2025 yakachezwa Nairobi. Basi angalau sisi tuzunguke huo uwanja nje na miguu yetu.

Chakula sitaongea sana. Ndengu, maharagwe, mayai, maziwa, githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi. Mtu akikuuzia poda ya elfu tano na haujamaliza ndengu za kwenu, hiyo ni biashara yake. Na yule anayeuza sindano nyuma ya jimu mwambie pole, mimi hapana. Hizo homoni zinachezea moyo na uzazi, na hakuna mtu anayejua chupa ina nini.

Lakini kuna moja watu wa kwetu hatupendi kusikia. Huwezi kutafuna miraa au muguka hadi saa nane usiku, ukose usingizi na hamu ya chakula, halafu ulalamike kwamba benchi imekwama. Sisemi ni dhambi. Karo yangu ya shule ilitoka kwa miraa ya guka, siwezi kuitukana. Nasema tu misuli hujengwa ukilala na ukila, na huo mmea unakunyima zote mbili. Chagua usiku wa kutafuna usiwe usiku wa kabla ya vyuma. Ukinikuta natafuna Ijumaa, jua Jumamosi siendi benchi.

Ile video ya Aprili sijaifuta. Nilifikiria, lakini watu wameshaipakua, wengine wameiweka muziki wao. Nimeandika juu yake 83, na "ameshikiwa," ili mtu mwingine akiiona ajue. Nimepoteza wafuasi karibu mia mbili tangu niandike. Jamaa anayepiga kelele pia alinuna kidogo kwa sababu nimemharibia jina, tukaongea, sasa yeye ndiye anachora nambari mpya kwa mikebe. Tumepima yote. Kuna moja iliyoandikwa 10 ilitoka 13.

Binamu alirudi benchi likizo ya Novemba. Anti alikuja naye siku ya kwanza, akakaa kwa kile kiti cha plastiki karibu na mlango na kibeti chake juu ya magoti, akatazama. Nilisimama kichwani. Chuma na mikebe miwili midogo, kilo 31 zilizopimwa. Akashusha, nikahesabu moja kwa sauti, akapandisha. Mara sita. Mikono ilitetemeka ya mwisho lakini sikugusa.

Anti aliuliza, "Hiyo ni ngapi?"

"Thelathini na moja," binamu akasema.

"Na ile ilikuangukia?"

Hatukuwa tumeshapima ile. Alikuwa amechukua mikebe gani, hata yeye hakumbuki.