Mgonjwa kababuka kwa dawa, mwasema karogwa!

Mtu akibabuka mwili mzima hapa Misungwi, neno la kwanza utakalosikia ni kwamba karogwa. La pili, tena kwa kunong'ona, ni kwamba "ngoma" imemmaliza. Mimi nauliza: alikuwa anameza dawa gani?

Mama yangu mdogo anaishi na virusi vya ukimwi, na ameniruhusu niandike haya. Alipoanza huduma alipewa ARV pamoja na Septrin. Siku ya kumi akatoka vipele. Daktari akamwachisha Septrin, vipele vikakauka. Vizuri. Lakini hakuna aliyeandika kwenye kadi kwamba dawa ile haimfai, wala yeye hakuambiwa jina lake. Mwaka uliofuata akashikwa na kikohozi, akaenda zahanati nyingine, akapewa Septrin ile ile! Siku ya tatu homa, macho mekundu, mdomo vidonda vitupu, ngozi inabambuka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Ndugu wakamkimbiza kwa mganga wa kienyeji. Wiki nzima ikapotea. Leo yu hai, lakini jicho moja haoni sawasawa.

Mchawi yuko wapi hapo?

Ndugu msomaji, jambo hili si geni. Zamani wagonjwa wa kifua kikuu Tanzania na Kenya walipewa thiasetazoni, kidonge cha bei chee. Mwaka 1991 madaktari wa Nairobi walitangaza kwamba katika kila wagonjwa 100 wenye virusi vya ukimwi, 20 hivi walidhurika ngozi; kwa wasio navyo, 1 tu. Wengine walikufa. Shirika la Afya Duniani likaonya kwamba wenye virusi wasipewe. Ikaja nevirapini, iliyotumika sana baada ya Serikali kuanza kugawa ARV mwaka 2004. Nayo iliwababua baadhi ya watu na kuwaumiza ini, ndiyo maana ilianzwa kwa nusu dozi siku 14. Kuanzia 2019 watu wazima wengi wamehamishiwa dolutegraviri, na hapo tumepata afadhali kubwa. Lakini Septrin bado ipo, na dawa za kifua kikuu zipo.

Tena kuachishwa dawa si mwisho wa hatari. Ziko aina za madhara ambazo huanza wiki mbili hadi nane baada ya dozi ya kwanza: homa, vipele, uso kuvimba, ini kuuma. Mgonjwa akidhani amepona, virusi vingine vilivyolala mwilini miaka mingi, vya ukoo mmoja na vile vya mkanda wa jeshi, huamka. Homa inarudi, ini linazidi kuharibika. Mtu wa namna hii haambiwi "nenda nyumbani ukapumzike". Anatakiwa aangaliwe kwa wiki kadhaa na apimwe ini.

Sasa mtu asisome haya akatupa ARV zake. ARV ndizo zilizowainua watu vitandani. Ninachosema ni kwamba mgonjwa aambiwe tangu siku ya kwanza: ukiona vipele pamoja na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu au ya manjano, au ngozi ikitoa malengelenge, usimeze kidonge kingine kabla hujaonwa, na uende siku hiyo hiyo. Kuambiwa "meza hizi, rudi mwezi ujao" hakutoshi.

Wakubwa wetu hawaishi semina na posho. Sisi walalahoi wa kanda hii hatuombi ndege ya kutupeleka India. Tunaomba kalamu! Dawa iliyomdhuru mtu iandikwe kwa wino mwekundu kwenye kadi yake, naye atajiwe jina mpaka alikariri. Muuza duka la dawa aulize kabla ya kuuza. Na ile fomu ya njano ya TMDA ya kuripoti madhara ya dawa ijazwe na kupelekwa, isigeuzwe karatasi ya kufungia karanga.

Mama mdogo sasa ameandika "SEPTRIN HAPANA" kwa mkono wake mwenyewe juu ya kadi. Aliishia darasa la nne. Waliosomea kazi hiyo walishindwa nini?