Jezi ya mchezaji asiye na jina: nani anathibitisha kuwa aliivaa?

Oktoba 2024, mpira mmoja wa besiboli uliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola milioni 4.39. Ni mpira ambao Shohei Ohtani wa Los Angeles Dodgers aliupiga hadi jukwaani mwezi mmoja kabla, pigo lake la 50 la namna hiyo katika msimu. Hata kabla ya mnada kumalizika, mashabiki walishafikishana mahakamani wakigombea nani aliukamata kwanza.

Lakini wakusanyaji wengi wa vifaa vilivyotumika uwanjani hawana mamilioni. Baadhi yao humfuatilia mchezaji mmoja tu, ambaye hata jirani zao hawamjui.

Tumchukue Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alikulia katika klabu ya besiboli ya Randburg, karibu na Johannesburg, ambako mama yake alifanya kazi. Tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na Pittsburgh Pirates, alikuwa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani, MLB. Kwa jumla alicheza mechi 41 tu za ligi hiyo. Maana yake ni jezi chache, glavu chache, na magongo machache ya kupigia. Kisichotambuliwa siku ile ile ya mechi huenda kisitambulike tena.

Mfumo wa kutambua vifaa hivyo ulizaliwa na ughushi. Miaka ya 1990, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilivunja mtandao wa watu walioghushi saini za wanamichezo. Nyota Tony Gwynn aligundua saini bandia za jina lake zikiuzwa katika duka la timu yake mwenyewe, San Diego Padres. Mwaka 2001 MLB ikaanzisha utaratibu wake: katika kila mechi yupo mthibitishaji, askari polisi aliye kazini au mstaafu, anayebandika stika yenye namba. Mnunuzi huiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya ligi na kuona kifaa kilitumika lini.

Sharti ni kwamba mthibitishaji awe amekiona kwa macho yake. Mpira wa kawaida ukishapotelea katikati ya mashabiki, haupati stika.

Kwa maoni yetu, ukali huu unamfaa zaidi mchezaji mdogo. Nyota hupigwa picha kila dakika, na doa au uzi wa jezi yake unaweza kulinganishwa na picha hizo. Aliyeingia mwishoni mwa mechi hana picha nyingi. Ni kweli, waghushi hawajisumbui sana na jina lisilouza. Hatari yake ni nyingine: jezi iliyoshonwa kwa ajili yake, isivaliwe hata siku moja, halafu ikauzwa kama iliyochezewa.

Tena Ngoepe alisajiliwa mwaka 2008, kwa hiyo takriban miaka tisa ya mwanzo aliitumia katika ligi za chini, ilhali utaratibu huu ulijengwa kwa ajili ya ligi kuu. Kwa jezi za miaka hiyo, mkusanyaji hutegemea barua ya klabu, picha ya mechi yenye tarehe, na neno la muuzaji. Mwenye neno tu, bila barua wala picha, anauza nguo yenye jina mgongoni, na bei yake iwe ya nguo.