Mlango wa Faragha na Amana Yake



Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wa Tanzania, intaneti ilikatwa nchini humo. Sisi tulio Eldoret tulikesha na simu mkononi tukimtafuta dada yetu aliyeolewa Dar es Salaam. Kijana wetu mmoja akashauri tumjengee VPN ya nyumbani, asitupotee tena.

VPN huyafunga mawasiliano kwa msimbo tangu simuni, ikayapitisha hadi kwenye kompyuta nyingine, yaani seva, na kutoka hapo yakaenda yaendako. Kampuni ya simu huona tu kwamba kuna mazungumzo na seva hiyo. Ya kujijengea ni ile ambayo seva yake twaimiliki au twaikodi wenyewe, kwa programu ya bure kama WireGuard.

Hufaa pale mlango mmoja unapofungwa: mtandao wa X uliozuiwa Tanzania Mei 2025, au Telegram iliyozuiwa hapa Kenya Novemba 2024 wakati wa mitihani ya KCSE. Lakini siku ile ya Oktoba isingalitufaa. Barabara yote ikikatwa, hakuna pa kupita kuifikia seva.

Tena kuna sheria. Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Sisi tungejenga tukiwa salama Eldoret, na mwenye kuulizwa angekuwa yeye.

La mwisho ni amana. Mwenye seva aweza kujua ni tovuti zipi zinazotembelewa. VPN za bure humkabidhi mgeni siri hiyo. Ya nyumbani humkabidhi mtoto wa kaka. Je, mwanamke anayetafuta habari za uzazi au za ndoa yake, yu radhi kijana huyo ajue?

Mawasiliano yaliporejea mapema Novemba, tulimweleza yote, faida na hatari. Alijibu: "Nipeni kwanza namba za simu za kawaida za majirani zenu. Hilo jingine nitashauriana na mume wangu." Namba tumempa, na seva hatujaijenga.

Nanyi wenye jamaa ng'ambo ya mpaka, andikianeni namba hizo leo. Na kabla ya kumjengea mtu mlango, muulizeni kama anautaka.

Wabillahi tawfiq.