Hataza za Antena na Lugha Tusiyoipa Kazi

Ukiinua macho kuelekea paa za nyumba mjini Machakos, huchelewi kuona vyuma vyembamba vilivyopangwa kwenye mhimili mmoja mithili ya mifupa ya samaki. Hizo ni antena za televisheni. Twazinunua, twazielekeza upande yanakotoka mawimbi, kisha twazisahau. Ni wachache wanaojua kwamba antena ya aina hiyo ilianza kama hataza, yaani uvumbuzi uliosajiliwa na kulindwa kisheria, na kwamba historia yake ina funzo kwetu sisi Wakenya.

Mimi si mhandisi. Taaluma yangu ni isimu. Lakini hataza ni maandishi, na nguvu zake zote zimo katika maneno. Ni mapatano baina ya mvumbuzi na umma. Mvumbuzi hueleza jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, kwa uwazi kiasi kwamba fundi wa fani hiyo aweza kukiunda. Serikali nayo humpa haki ya kuwazuia wengine wasikiunde wala kukiuza kwa muda maalumu, ambao kwa kawaida ni miaka 20. Muda huo ukiisha, maarifa hayo huwa ya watu wote. Isitoshe, hataza haivuki mipaka: uvumbuzi uliosajiliwa Marekani pekee haulindwi hapa Kenya.

Antena ninayoizungumzia ilizaliwa katika Chuo Kikuu cha Tohoku, mjini Sendai, Japani. Shintaro Uda ndiye aliyefanya majaribio mengi, akiwa pamoja na Profesa Hidetsugu Yagi. Hataza ya mwaka 1926 ilitolewa kwa jina la Yagi peke yake. Uda alichapisha matokeo yake kwa Kijapani. Yagi akaandika makala kwa Kiingereza mwaka 1928 katika jarida la Marekani. Ulimwengu ukasoma Kiingereza, na antena ikaitwa Yagi. Haki za uvumbuzi huo ng'ambo zikaishia mikononi mwa kampuni ya Marconi huko Uingereza na RCA huko Marekani.

Yaliyofuata ni ya kustaajabisha. Majeshi ya Japani yalipoiteka Singapore mwaka 1942, yalipata maandishi ya Waingereza kuhusu rada, na ndani yake neno "Yagi" likirudiwarudiwa. Inasimuliwa kwamba maofisa wa Japani hawakulielewa, wakamuuliza mateka wa Kiingereza. Naye akawajibu kwamba hilo ni jina la profesa Mjapani! Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Yagi alicheza kwao, akatunzwa kwa jirani.

Funzo ni kwamba kusajili uvumbuzi hakutoshi. Maarifa yanayokaa rafuni bila kusomwa na wenyewe hayana tofauti na maarifa yasiyokuwapo. Nasi Kenya rafu yetu ina kufuli la pili, nalo ni lugha.

Zamani, aliyetaka hataza Kenya alilazimika kuipata kwanza Uingereza. Sheria ya mwaka 1989 ilituondolea aibu hiyo, na ile ya 2001 ikaunda taasisi ya KIPI. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inaitaka serikali ikuze na kulinda haki za ubunifu wa Wakenya. Katiba iyo hiyo, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Vifungu hivi viwili havijawahi kukutana.

Tutazame mfano wa karibu. Mwaka 2013, karibu na Nanyuki, mradi wa Mawingu ulioshirikisha Microsoft ulianza kupeleka intaneti mashambani kwa kutumia nafasi za televisheni zisizokuwa na kazi. Teknolojia ya aina hii huhitaji kujua ni nafasi gani iliyo tupu. Mtambo huuliza ghala la kumbukumbu, au huchunguza wenyewe mawimbi yaliyopo hewani. Kuna hataza nyingi kuhusu uchunguzi huo. Je, mwanafunzi wetu angezieleza vipi kwa Kiswahili?

Angekwama kwenye neno la kwanza. Redio zilitufundisha kusema "masafa mafupi", tukimaanisha mawimbi mafupi kwa urefu. Leo vituo vya FM hutangaza "masafa" vikimaanisha idadi ya mitetemo kwa sekunde. Lakini vitu hivi viwili hupingana: wimbi likifupika, mitetemo huongezeka. Hivyo twaweza kusema, bila kukosea sarufi, kwamba masafa yakipungua masafa huongezeka. Hakuna hataza itakayosimama mahakamani juu ya sentensi kama hiyo. Pendekezo langu ni tuseme "urefu wa wimbi" kwa kile cha kwanza, na "masafa" tuyaachie cha pili.

Yamkini kuna atakayeuliza: kwa nini tujisumbue ilhali Kiingereza kipo, na kisa cha Uda chathibitisha nguvu zake? Sipendekezi tukitupe Kiingereza. Wakorea hawakukitupa. Hata hivyo, tangu mwaka 2009 Kikorea ni miongoni mwa lugha 10 ambazo maombi ya hataza ya kimataifa huchapishwa kwazo. Kiswahili hakimo, ingawa Kenya ni mwanachama wa mkataba huo tangu 1994.

Basi tuanze na yaliyo ndani ya uwezo wetu. KIPI idai ikisiri ya Kiswahili katika kila ombi. Vyuo vikuu viwaketishe wanaisimu na wahandisi meza moja ili wakubaliane juu ya istilahi. Nawe mwalimu wa fizikia, ingawa mtihani ni wa Kiingereza, chukua hataza iliyokwisha muda uwafafanulie wanafunzi kwa Kiswahili. Waambie wimbi la megahezi 500 lina urefu wa sentimita 60, na kwamba chuma kinachopokea hukaribia nusu yake, sentimita 30. Kisha watoke nje na rula, wapime antena ya shule. Mwanafunzi aliyekipima chombo na kukieleza kwa lugha yake ndiye atakayethubutu kukiboresha.