Kabla ya bei ya bastola, uliza bei ya sefu

Unamkumbuka Abdul Haji akiingia Westgate na bastola yake Septemba 2013 kuokoa watu? Alikuwa raia mwenye leseni. Huenda nawe umewahi kujiuliza: nikiipata leseni, ninunue bastola gani?

Jibu la haraka ni hili. Ndogo hujificha vizuri chini ya shati, ila hubeba risasi chache na huruka mkononi ukifyatua. Kubwa hutulia, lakini kwenye matatu kila mtu ataiona. Ndiyo maana wengi huchagua ya kati, kama Glock 19 ya milimita 9, yenye risasi 15. Inafaa kiunoni, inafaa nyumbani.

Lakini nyumbani ndiko kwenye shida. Wengi wetu twaishi kwenye fleti, ukuta mmoja na jirani. Risasi ikimkosa mwizi, yaweza kupenya hadi kitandani kwa mtoto wa watu. Na wewe ukilala, bastola italala wapi? Ikiwa chini ya mto, mwanao ataipata kabla ya mwizi.

Tena, leseni si mali yako milele. Mwishoni mwa 2018, serikali iliagiza raia wote wenye silaha wakaguliwe upya. Ukionekana mzembe, utanyang'anywa.

Kwa hivyo, kama pesa za sefu na mafunzo huna, bastola bado si yako. Nunua kufuli imara, kisha mjuane na jirani. Hao nao hulinda.