Jokofu Linapokataa Kugandisha

Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa nyumba moja mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Baba ni kibarua katika kiwanda cha kuchambua pamba. Mama anauza barafu na maziwa barazani. Asubuhi moja mama anafungua jokofu na kukuta barafu imekuwa maji matupu, maziwa yamechachuka, na sato aliyeletwa kutoka Lamadi ameanza kunuka. Taa ya ndani inawaka, mota inanguruma, lakini ubaridi hakuna. Jirani anapita na kutoa hukumu: "Gesi imekwisha." Kabla jua halijachwa fundi amekwisha kuitwa, fedha iliyowekwa kwa ajili ya sare za shule imetolewa, na gesi imejazwa. Baada ya wiki tatu hali ni ile ile.

Leo nia yetu ni kuinusuru fedha hiyo.

Yatupasa kwanza tuelewe jambo moja, kwani mengine yote yanafuata hapo. Jokofu halizalishi baridi. Kazi yake ni kuchukua joto lililomo ndani na kulitupa nje. Gesi iliyofungiwa katika mabomba hufyonza joto la ndani, kompresa huisukuma, na joto hilo hutolewa kwa njia ya vibomba vilivyo nyuma au, katika majokofu mengi ya siku hizi, vilivyofichwa katika kuta za pembeni. Sogeza mkono hapo wakati mota inafanya kazi, nawe utahisi uvuguvugu. Hilo ndilo joto la maziwa yako. Likikosa njia ya kutokea, ndani hakutapoa hata ukiizungusha swichi ya ubaridi hadi namba ya mwisho.

Basi anza kwa kutazama mahali jokofu lilipo. Je, limebanwa ukutani? Livute mbele kiasi cha sentimita 10. Je, linapigwa na jua la alasiri kutoka dirishani, au limekaa jirani na jiko la mkaa? Lihamishe. Je, limefunikwa kitambaa kizuri kilichofumwa, kikashuka mpaka nyuma? Pambo hilo liwekwe mezani.

Pili, chomoa waya kwenye umeme, kisha tazama nyuma. Kiangazi cha kwetu kina vumbi jingi, na vumbi likituama juu ya vibomba huwa kama blanketi. Lifagie taratibu kwa brashi laini iliyo kavu.

Tatu, upime mpira wa mlango. Bana kipande cha gazeti mlangoni, ufunge, kisha ukivute. Kikitoka bila kushikwa, hewa ya moto nayo inaingia hapo usiku na mchana. Osha mpira huo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwani mara nyingi kosa ni uchafu tu. Ukiwa umepasuka, ununuliwe mwingine. Wafundishe na watoto kwamba jokofu si sanduku la kuchungulia kila dakika.

Nne, tazama barafu iliyoshikamana na kuta za sehemu ya kugandishia. Ikiwa nene huzuia baridi isifike kwenye chakula. Zima jokofu, acha mlango wazi, barafu iyeyuke yenyewe. Usiichokoe kwa kisu! Tundu dogo kama la sindano latosha kuivujisha gesi yote.

Tano, chunguza umeme. Jokofu letu limeundwa kwa umeme wa volti 230 hivi. Jioni, majirani wote wanapowasha vyombo vyao, nguvu inaweza kupungua: taa hufifia, na kompresa huguna kidogo, hulia "tak", kisha hunyamaza. Hali huwa mbaya zaidi jokofu likichomekwa kwenye waya mwembamba na mrefu unaotumiwa pia na pasi na televisheni. Lichomeke peke yake ukutani. Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika 5 kabla ya kuliwasha. Kama ni mtaa mzima unaopata umeme hafifu, toeni taarifa TANESCO kwa pamoja.

Ukiyafanya haya, lipe jokofu siku nzima, kisha uamue. Lisipopoa, hapo ndipo fundi aitwe. Lakini mkumbuke neno hili: gesi ya jokofu haiishi kwa kutumika kama gesi ya kupikia. Imefungiwa humo izunguke miaka na miaka. Ikipungua, pana mahali inapovuja. Kwa hiyo muulize fundi, "Inavuja wapi?" Akijaza bila kulitafuta na kuliziba tundu, utamlipa tena. Na kama kibandiko cha jokofu kimeandikwa R600a, gesi hiyo hushika moto. Asikaribishwe mwenye sigara wala jiko linalowaka, na kazi apewe anayeifahamu.

Lililo kubwa kuliko fedha ni afya. Sehemu ya chakula yapaswa kuwa na nyuzi 4 au chini yake. Umeme ukikatika na mlango usipofunguliwa, chakula huweza kustahimili saa 4 hivi. Nyama, samaki na maziwa yaliyokaa katika joto kupita hapo yasihukumiwe kwa pua, kwani vijidudu vingine havitoi harufu. Na nyumba yenye mgonjwa atumiaye insulini ichunge zaidi: chupa ambazo hazijafunguliwa hutaka nyuzi 2 hadi 8, wala zisiguse ukuta unaogandisha, kwa kuwa insulini iliyoganda haifai tena.

Bibi zetu wa Usukumani walianika michembe ya viazi ikawavusha hadi mavuno mengine, bila waya wala mota, kwa sababu walielewa kazi ya jua na upepo. Nasi tukielewe chombo tulichokinunua kwa jasho. Jumapili hii, baada ya chakula, baba na mama wasaidiane kulivuta jokofu mbele na kulitazama mgongo. Huenda ugonjwa wake wote ukatoka kwa ufagio.